Daftari la Mahudhurio na Mtoto wa Bahari

Kwa muda wa miaka 38 nilianza siku ya kazi kwa daftari moja, nalo ni daftari la mahudhurio. Mwalimu huita jina, mtoto huitika, alama huwekwa. Nilipokuwa mwalimu wa darasa niliziweka alama hizo kwa mkono wangu; nilipokuwa Mwalimu Mkuu nilizikagua kila Ijumaa na kuzijumlisha kila mwisho wa mwezi. Mkaguzi alipofika shuleni, kitu cha kwanza alichokiomba kilikuwa daftari hilo. Aghalabu hakuuliza kama watoto wanajifunza; aliuliza kama wapo. Nami nilikuwa na fahari na madaftari yangu. Hayakuwa na jina lililofutwafutwa wala ukurasa uliochanika.

Nimelikumbuka daftari hilo kwa sababu ya filamu mbili. Mjukuu wangu, aliye kidato cha tatu, alikuja likizo na kompyuta ya mama yake, akaniambia, "Babu, njoo umwone mtoto aliyepelekwa mahakamani kwa sababu anataka kusafiri." Nikavaa miwani, nikakaa. Nilidhani nitaona hadithi ya kubuni. Kumbe lilikuwa jambo la kweli, na ndani yake lilikuwamo jambo langu mimi mwenyewe, ambalo kwa miaka mingi sikupenda kulizungumza.

Filamu yenyewe inaitwa Maidentrip, ya mwaka 2013, iliyotengenezwa na Jillian Schlesinger. Inamhusu Laura Dekker, binti wa Kiholanzi aliyezaliwa mwaka 1995 huko Nyuzilandi, wazazi wake wakiwa katika safari ya miaka kadhaa ya kuzunguka dunia kwa mashua. Miaka yake ya mwanzo aliiishi majini. Mwezi Mei 2009, akiwa na miaka 13, alivuka peke yake kutoka Uholanzi hadi mji wa Lowestoft huko Uingereza. Wakuu wa huko walishtuka, wakamwita baba yake aende kumchukua. Mwezi Agosti mwaka huo huo ikatangazwa kwamba anakusudia kuizunguka dunia peke yake. Serikali ikaingilia kati. Tarehe 28 Agosti 2009 mahakama ya Utrecht iliamua kwamba baraza la hifadhi ya watoto lishirikiane na wazazi katika malezi yake kwa muda wa miezi miwili, na safari ikasimama. Baadaye usimamizi huo uliongezwa hadi katikati ya mwaka 2010. Mwezi Desemba 2009 binti alitoroka, akaonekana kisiwa cha Sint Maarten katika bahari ya Karibi, akarudishwa. Hatimaye, tarehe 27 Julai 2010, mahakama ya Middelburg iliondoa usimamizi na kuwaachia wazazi uamuzi. Siku chache baadaye aliondoka kwao. Mwezi huo wa Agosti aling'oa nanga kutoka Gibraltar, katika mashua yake Guppy yenye milingoti miwili na urefu wa zaidi kidogo ya mita 12. Tarehe 21 Januari 2012 alitia nanga Sint Maarten, akiwa na miaka 16, dunia ameizunguka.

Mashtaka hayakuwa ya utoro peke yake. Hoja kubwa ya mahakama ilikuwa usalama wake na makuzi yake. Lakini suala la shule lilikuwamo tangu mwanzo hadi mwisho. Uholanzi ni nchi inayofuata kwa ukali sana sheria ya kuhudhuria shule. Kuna maofisa ambao kazi yao ni hiyo tu, na mzazi anayemtoa mtoto shuleni kwenda naye mapumzikoni kabla shule hazijafungwa huweza kutozwa faini. Laura aliruhusiwa kusoma kwa masomo ya mbali, vitabu akivichukua ndani ya mashua. Na hata alipokuwa amebakiza siku chache tu kumaliza safari, Januari 2012, zilitoka habari kwamba baba yake anaitwa na maofisa wa mahudhurio kueleza maendeleo ya masomo ya mwanawe. Binti alikasirika, akasema huenda asirudi kuishi Uholanzi. Kweli, alikwenda kuishi Nyuzilandi.

Sasa niseme juu ya filamu. Sifa yake kubwa ni kwamba sehemu kubwa ya picha alijipiga Laura mwenyewe, akiwa peke yake. Hakuna msimulizi mtu mzima anayetuambia tuone nini. Tunamwona anavyokua mbele ya macho yetu: mwanzoni anamhitaji mtu wa kuzungumza naye, mwishoni upweke wenyewe umekuwa rafiki yake. Tunaona uchovu, tunaona kuchoshwa na siku zinazofanana, tunaona hasira yake kwa waandishi wanaomngojea bandarini. Kutoka Darwin, Australia, hadi Durban, Afrika Kusini, alikaa baharini zaidi ya siku 40 bila ya kukanyaga ardhi. Mwalimu yeyote aliyewahi kujaribu kumfanya mtoto wa miaka 15 amalize kazi moja ya nyumbani hawezi kuyaona haya asivue kofia.

Lakini filamu ina upungufu, na upungufu huo ndio ulionifanya nishike kalamu. Miezi kumi na mmoja ya mahakama inapitishwa upesi upesi mwanzoni, kama kelele za watu wazima wasioelewa. Mtazamaji anabaki na picha moja: mtoto mwenye kipaji upande huu, na karani mwenye muhuri upande ule. Mjukuu wangu aliiona hivyo hivyo. "Babu, walikuwa wanamwonea," alisema.

Nikamwambia angalie tarehe. Katika miezi ile Laura alipata mashua kubwa na imara zaidi kuliko ile aliyoikusudia kwanza. Alisomea huduma ya kwanza. Alijizoeza kukatiza usingizi, maana baharia wa peke yake halali usiku mzima kama sisi. Hulala vipande vipande. Mpango wa masomo ukapangwa. Na tusisahau kwamba mwezi Juni 2010, wiki chache kabla ya hukumu ya Middelburg, binti mwingine wa miaka 16, Abby Sunderland wa Marekani, aliyekuwa akijaribu safari ya namna hiyo hiyo, alivunjikiwa mlingoti kusini mwa Bahari ya Hindi, akaokolewa na meli ya wavuvi ya Kifaransa. Hakimu aliyesita katika mwaka ule hakuwa adui wa vipaji. Alikuwa na macho.

Kwa hiyo mimi naisoma hukumu ile tofauti na filamu inavyoisoma. Kwanza dola ilisema, "Bado." Haikusema, "Kamwe." Kisha ikauliza maswali yanayoweza kujibiwa: mashua gani, mafunzo gani, masomo yatakwendaje, nani atamwangalia kila bandari. Binti alipoyajibu, ikaondoka njiani. Hivyo ndivyo kanuni inavyotakiwa kufanya kazi. Ilipokosea ni kule mwishoni, pale karani alipotaka hesabu ya masomo wakati mtoto angali baharini, kama kwamba hukumu haikuwahi kutolewa. Ruhusa ikishatolewa na masharti yake yakajulikana, kumghasi aliyeruhusiwa ni kumfundisha kwamba hakuna ahadi ya serikali inayoaminika. Serikali ya Uholanzi ilishinda hoja, ikampoteza raia.

Ndugu msomaji, kuhusu sheria hiyo ya Uholanzi kuna kisa kimoja ambacho hunichekesha kila nikikikumbuka. Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria ya kwanza ya kulazimisha elimu mwaka 1900, kwa kura 50 dhidi ya 49. Mbunge mmoja aliyeipinga, aitwaye Schimmelpenninck, hakuweza kufika kupiga kura kwa sababu alikuwa ameanguka kutoka juu ya farasi. Maana yake sheria ya kuwalazimisha watoto kuhudhuria ilipita kwa sababu mtu mzima mmoja hakuhudhuria! Nacheka, lakini naitoa pia kama onyo kwetu sisi wapenda madaftari. Sheria nzuri ni kazi ya watu, na wakati mwingine ni kazi ya farasi. Tuiheshimu, lakini tusiisujudie.

Filamu ya pili tuliitazama kesho yake, nayo iko karibu zaidi na kwetu. Ni Queen of Katwe ya mwaka 2016, iliyoongozwa na Mira Nair, ambamo Lupita Nyong'o anaigiza kama mama na David Oyelowo kama mwalimu. Inasimulia habari za Phiona Mutesi, mtoto wa mtaa wa Katwe, Kampala, aliyefiwa na baba, aliyeacha shule akiwa mdogo kwa kukosa karo, akawa anauza mahindi barabarani. Robert Katende alikuwa akiwafundisha watoto mchezo wa sataranji katika mpango wa kanisa, na watoto walikuwa wakivutwa kwanza na kikombe cha uji. Phiona aliufuata uji, akaukuta ubao wa sataranji. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya timu huko Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012, baada ya mashindano kama hayo huko Istanbul, alipata cheo cha kimataifa cha mchezo huo. Baadaye alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani.

Ziweke hadithi hizi mbili pamoja, utaona jambo. Laura alikuwa na shule, nayo serikali ikamfukuzia hadi katikati ya bahari ili asiikose. Phiona hakuwa na shule, na hakuna ofisa yeyote aliyemtafuta sokoni na kumwuliza jina lake. Uganda ilianzisha elimu ya msingi kwa wote mwaka 1997. Lakini tangazo ni jambo moja, na michango, sare na madaftari ni jambo jingine. Kwa Laura kipaji kilikuwa sababu ya kutoka darasani. Kwa Phiona kipaji kilikuwa sababu ya kurudi. Na filamu inayo nukta moja nzuri sana: watoto wa Katwe wanapotaka kuingia katika mashindano ya shule pale King's College Budo, kikwazo kinakuwa kwamba wao si wanafunzi. Mlango uleule uliofungwa kwa umaskini unafungwa tena kwa kanuni.

Filamu hii ya pili ina rangi nzuri na uigizaji mzuri, nami namsifu hasa Lupita, ambaye hakumfanya mama maskini kuwa mtakatifu wala mjinga. Mama yule anaogopa kwamba mtoto wake ataonjeshwa maisha ambayo hatayapata. Woga huo nimeuona kwa wazazi wengi. Lakini nayo ina kasoro yake: inatufanya tuamini kwamba aliyeokolewa ni aliyestahili. Je, wale watoto wengine wa Katwe wasioujua mchezo wowote? Mtoto asiye na kipaji cha kuonekana ana haki ya dawati sawasawa na mwenye nacho. Shule haikuwekwa kwa ajili ya mabingwa.

Hapo sasa ndipo ninapolazimika kuyasema yangu.

Mwaka 1984 nilikuwa Mwalimu Mkuu wa shule moja ya msingi katika kijiji cha wavuvi, pwani ya kusini. Ulikuwa wakati wa kuitekeleza Elimu ya Msingi kwa Wote iliyoanza mwaka 1977, na Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 ilimtaka mzazi ahakikishe mtoto aliyeandikishwa anahudhuria mpaka amalize darasa la saba. Niliiamini sheria hiyo kwa moyo wote, na hadi leo naiamini. Mimi mwenyewe ni mtoto wa mkulima asiyejua kusoma. Bila ya mwalimu mmoja mkali nisingeliandika hata sentensi hii.

Darasa la sita alikuwapo kijana mmoja ambaye sitamtaja jina. Darasani alikuwa wa katikati. Baharini hakuwa na mfano. Wazee walikuwa wakisema kwamba mtoto yule anausikia upepo kabla haujafika. Aliendesha ngalawa ya mjomba wake akiwa na miaka 13, akajua kupiga bishi dhidi ya kusi, akajua kila mwamba na kila mkondo mpaka visiwani. Sikukuu zilipokuwa na mashindano ya ngalawa, watu wazima walimpa usukani. Alichonga vingalawa vidogo vya mti laini, akavitia tanga la mfuko wa sukari, akavifanya viende moja kwa moja bila ya kupinduka. Siku moja niliviona chini ya dawati lake wakati wa somo la Hisabati. Nikavichukua. Sikumbuki nilivipeleka wapi.

Alikuwa mtoro, lakini utoro wake ulikuwa wa namna ya ajabu. Alikuja siku kumi mfululizo, akakosa nne. Akaja kumi, akakosa nne. Nilimchapa, nikamwita mjomba wake, aliyekuwa mlezi wake, nikamwonya. Mjomba alinisikiliza kwa adabu, akasema, "Mwalimu, siku za bamvua siwezi kumzuia. Hata nikimfunga kamba." Nililichukua jibu hilo kama dharau. Nikalipeleka jina lake kwa Mwenyekiti wa Kijiji, na shauri likafika Mahakama ya Mwanzo. Mjomba akatozwa faini. Ili kuilipa aliuza nyavu.

Kijana alirudi shuleni wiki mbili. Alikaa nyuma, hakuzungumza na mtu. Wiki ya tatu hakuonekana, wala hakuonekana tena. Alikuwa amepanda jahazi la mizigo, amekwenda zake. Nililichora jina lake mstari mwekundu, nikaandika pembeni, "Ametoroka." Mkaguzi aliyekuja mwaka ule alilisifu daftari.

Miaka mingi baadaye, nikiwa napanga vitu vyangu kabla ya kustaafu, nililikuta daftari lile. Nikaziangalia alama zake bila ya hasira. Ndipo nilipoona kile ambacho kila mtoto wa kijiji kile angeweza kunieleza: mapengo yake yalifuata mwezi. Mwezi mwandamo, mapengo. Mwezi mpevu, mapengo. Ile haikuwa alama ya uvivu. Ilikuwa ratiba ya maji makuu na maji madogo, imeandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na mimi sikujua kuisoma. Mtoto alikuwa na ratiba kali kuliko yangu, akiifuata bila ya kengele.

Ningeliweza kufanya nini? Swali hili nimejiuliza mara nyingi. Sikuwa na mamlaka ya kuibadili sheria. Lakini ningeliweza kumwita mjomba kabla ya kumshtaki, tukakubaliana: siku fulani za bamvua aende, jioni zake za maji mafu alipe masomo aliyoyakosa. Ningeliweza kumwambia aandike kila safari, siku, upepo, mahali, uzito wa samaki, na hilo likawa somo lake la Kiswahili na la Hisabati pamoja. Elimu ya Kujitegemea tuliyoihubiri tangu mwaka 1967 ilituambia shule isitengwe na kazi za jamii. Sisi tulikuwa na shamba la shule, tukalima muhogo katika mchanga ambao haukutaka muhogo, na bahari tulikuwa tumeipa mgongo.

Hata hivyo, msomaji asinielewe vibaya. Mwaka uliofuata, katika shule hiyo hiyo, binti mmoja wa darasa la saba aliacha kuja. Daftari lilinionyesha mapengo matatu, nami nikaenda nyumbani kwao siku ya nne. Nikakuta posa imekwisha kupokelewa. Nilitumia sheria ile ile, Mwenyekiti yule yule, na sauti ile ile kali. Binti akarudi darasani, akafanya mtihani, akafaulu. Leo ni muuguzi, na kila Idi ananipigia simu. Kama daftari langu lisingelikuwa kamili, mapengo yale matatu yasingelionekana, na siku ya nne ingelikuwa siku ya harusi.

Basi kanuni ile moja iliokoa mmoja na kumpoteza mwingine ndani ya miaka miwili. Kwa ajili hiyo siwezi kuungana na wale wanaosema, kila wanapoona bingwa mtoto, kwamba mahudhurio ni mambo ya kizamani na mwenye kipaji aachwe afuate moyo wake. Maneno hayo ni matamu kwa mwenye baba mwenye mashua, mwanasheria na kamera. Katika vijiji vyetu maneno hayo hayo yatatumiwa na anayetaka mchunga ng'ombe, na anayetaka mtoto wa kuuza karanga kituo cha basi, na anayetaka mke. Wote watasema, "Mwanangu ana kipaji." Kanuni ya mahudhurio ni ukuta wa mtoto asiye na mtetezi, na ukuta haubomolewi kwa sababu mtu mmoja ana mbawa.

Lakini ukuta bila ya mlango ni gereza. Tofauti kati ya kipaji na kutumikishwa inaweza kujulikana kwa mwalimu anayeuliza, wala haihitaji digrii. Nani anayetaka jambo hili, mtoto au mkubwa wake? Faida yake inakwenda mfukoni mwa nani? Je, anazidi kupata ujuzi mwaka hadi mwaka, au anarudia kazi ile ile tangu mwaka juzi? Je, akishindwa au akivunjika mguu kesho, anayo njia ya kurudi darasani? Laura Dekker anafaulu maswali hayo. Phiona Mutesi anafaulu. Kijana wangu wa ngalawa angelifaulu pia, kama ningelimwuliza. Mtoto muuza karanga hafaulu hata moja, na huyo afuatwe arudishwe.

Jambo la kurudi nalitilia mkazo. Wanariadha wetu wawili waliotuletea medali za fedha Moscow mwaka 1980, Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, wametuachia somo ambalo hatulisemi sana. Nyambui alikimbia huku akisoma katika chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Bayi, aliyeushangaza ulimwengu huko Christchurch mwaka 1974 kwa mbio za mita 1500, baadaye alifungua shule. Mbio zina mwisho. Goti lina mwisho. Mtu aliyepewa ruhusa ya kuondoka bila ya kupewa njia ya kurudi hakupewa ruhusa; ametupwa kwa upole.

Na kuna ubaya mwingine ambao sisi watu wazima tunaufanya, nao ni kuhesabu umri. Kwa nini ilikuwa lazima awe mdogo kuliko wote duniani? Kila aliyevunja rekodi ya umri anamwita mwingine mdogo zaidi. Ndiyo maana wanaothibitisha rekodi za safari za tanga waliacha kuitambua daraja ya umri mdogo, nami nawaunga mkono. Laura mwenyewe, kwa jinsi filamu inavyomwonyesha, alikuwa akiipenda bahari kuliko rekodi. Wenye kiu ya rekodi tulikuwa sisi tuliokaa vitini.

Nilimwona yule kijana wangu mara moja tu, mwaka 2016, katika soko la samaki mjini. Yeye ndiye aliyenitambua. Alikuwa na mvi. "Shikamoo Mwalimu," alisema, akanishika mkono kwa mikono miwili. Nikaitika, nikakosa la kuongeza. Tulikaa kwenye benchi la muuza kahawa. Ana mashua mbili za injini. Aliniambia kwamba miaka ya nyuma alitaka kufanya mtihani wa unahodha ili apate vyombo vikubwa, lakini mlangoni waliomba cheti cha darasa la saba, naye hakuwa nacho. Aliyasema hayo bila ya kunilaumu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Akawaajiri wengine wenye vyeti, akawafundisha njia.

Nilimwomba radhi. Ilinichukua vikombe viwili vya kahawa kulitoa neno hilo. Alicheka, akasema ulikuwa utoto, yamepita. Nikamwuliza kuhusu watoto wake.

"Wangu mimi wanakwenda shule kila siku, Mwalimu. Hata bamvua. Hakuna kukosa." Akanyamaza, akaangalia mashua zilizokuwa zikishusha samaki. "Lakini bahari hawaijui."

Nimeyaandika haya kwa ajili ya walimu wakuu walio kazini sasa. Serikali imeleta sera mpya ya elimu, na ndani yake muna mkondo wa amali, jambo jema. Lakini sera haitaingia darasani kumwona mtoto, wewe utamwona. Likague daftari lako kila Ijumaa, usiache hata jina moja. Ukikuta mapengo, nenda nyumbani kwao kabla ya kwenda kwa Mwenyekiti. Na kabla hujatoka ofisini, yatazame mapengo yenyewe, jinsi yalivyokaa. Huenda yamekuandikia jambo.